"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba": nani alitwambia hivyo?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye bando dogo arudi kesho.

Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, mkazi wa Mbagala. Usharika siutaji. Kwa miaka sita nimekuwa mtu wa kufariji wenzangu. Msiba nipo, mgonjwa nipo, aliyepunguzwa kazi namfuata na Biblia yangu ya zipu na lile neno ambalo kila Mkristo wa mji huu analo mdomoni: Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Nimelisema sebuleni kwa watu, nikanywa chai yao, nikaondoka. Leo nataka kulirudisha nilikolitoa, ila sijui nililitoa wapi.

Nilikuwa na kizimba soko kuu la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli lenye paa kama miavuli ya zege. Nauza mbegu za mboga, dawa za mimea, pampu za mgongoni. Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, soko likawaka. Kesho yake nilikuwa na zamu ya kusoma somo ibada ya kwanza. Sikusoma. Nilisimama nje ya utepe wa polisi na suruali yangu ya ibada, nanusa. Mbegu zikiungua zinanukia bisi, wakuu. Mwanzoni unasikia njaa. Halafu upepo unageuka, dawa ya viwavi inaingia puani, unatapika.

Bima sikuwa nayo. Mnaotaka kunitukana kwa hilo mko nyuma ya mke wangu kwenye foleni.

Sasa nisikilizeni hapa. Siku zile imani ilikuwa rahisi, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Msiba mkubwa una heshima yake. Jumuiya ikachanga, mchungaji akanitaja kwenye maombi, televisheni ikaonyesha moto wangu. Nikasimama madhabahuni nikasema kama Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kanisa likapiga makofi. Moto haukunimaliza. Kilichonimaliza ni Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku ya rejesho.

Nilianza upya na mkopo wa milioni 2, hii wanayoita kausha damu. Rejesho 105,000 kila Ijumaa, wiki 26. Biashara ya mbegu ina msimu, Ijumaa haina msimu. Mvua ikichelewa, watu wa mchicha kule mabondeni hawanunui hata pakiti, na Ijumaa inafika vilevile na afisa mkopo wake na pikipiki yake. Nikakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Nikakopa kwa wa tatu, hawa wa kwenye simu, kumlipa wa pili. Mke wangu alikuwa anamjua mmoja tu. Huyo wa simu ndiye aliyekuja kumtumia meseji shemeji yangu, fundi seremala niliyewahi kumpigia mara moja kuhusu meza, na katibu wa kwaya, kwamba mimi ni tapeli, wanishauri nilipe.

Ukiona unadaiwa hivyo hakuna anayekuchangia. Hakuna anayekutaja kwenye maombi. Deni halina jeneza.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu nilitoka nyumbani na 38,000 mfukoni. Nikazima simu. Nikashuka Kivukoni, nikapanda pantoni kwenda Kigamboni, nauli 200. Nikafika, nikageuka, nikarudi. Nikaenda tena. Katikati ya maji hakuna anayekudai. Safari ya tano kijana wa karanga akaniuliza, "Mzee, umesahau kitu upande gani?"

Nilichokuwa nawaza nikiangalia maji sitakiandika. Anayejua anajua.

Niliwasha simu nikiwa nimezima data, nikafungua Biblia nitafute lile neno la mzigo, angalau nilishike. Halipo. La karibu yake ni 1 Wakorintho 10:13, na pale Paulo anazungumzia kujaribiwa. Sura nzima inahusu sanamu, uzinzi, manung'uniko ya jangwani. Hakuna mzigo wala rejesho. Nikaingia barua ya pili, kwa watu walewale, sura ya kwanza mstari wa 8. Paulo anawaambia kwamba dhiki iliyowapata kule Asia iliwalemea kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Mstari wa 9 anasema ilikuwa hivyo ili wasijitumainie wenyewe, wamtumaini Mungu afufuaye wafu. Wala hasemi dhiki yenyewe ilikuwa nini.

Nimesoma Biblia miaka 30. Mstari ule nilikuwa nauruka kama dimbwi la Mbagala Rangi Tatu.

Swali langu kwenu. Siku mzigo umekuzidi kweli, siyo kwa mfano, kumtumaini Mungu maana yake nini? Msinipe mistari mitupu, hiyo ninayo. Niambieni mnafanyaje asubuhi mkiamka.

#2

Pole sana mzee wangu. Nimekaa hapa, nasoma. Sina la kusema.

#3

Bwana Yesu asifiwe mzee. Nitakwambia ukweli kwa upendo. Tatizo lako ni kinywa. Unakiri deni kila mstari, na deni linakusikia. Mithali 18:21, mauti na uzima viko kwenye ulimi. Amka saa tisa usiku siku 21, vunja madhabahu za ukoo wenu, kisha panda mbegu inayouma, yaani sadaka. Mbegu isiyokuuma wewe haimgusi Mungu. Utakuja kunishukuru humuhumu.

#4

Mtumishi #3, tafadhali sana. Kaka yangu wa tumbo moja aliambiwa hayohayo ya "mbegu inayouma". Akauza bajaji aliyomaliza mkataba wiki tatu nyuma, hela akaiweka madhabahuni. Leo ni deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, kwenye bajaji ya mtu mwingine, na Jumapili anapita nje ya kanisa hilohilo akiwa na abiria. Mjini Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Wale hawakukosa imani, walikuwa nayo ya kumwaga.

Mzee usiuze kitu.

#5

Mimi niliacha kanisa 2017 na sina mpango wa kurudi, ila nimesoma kwa heshima na nauliza kwa heshima. Soko likiungua, Bwana ametwaa. Ukipata kizimba kingine, Bwana ametenda. Huyu Mungu hasara yake inaandikwa kwenye daftari gani? Wewe ni mfanyabiashara, unajua daftari lisilo na upande wa hasara linaitwaje.

#6 (mleta uzi)

#5 ndugu yangu, sina jibu la kukushinda na sitajifanya ninalo. Nikikwambia moto ule ulikuwa mpango, nitakuwa nasema nisichokijua, na kazi hiyo nimeifanya sana kwenye nyumba za watu.

Ila daftari la hasara lipo, tatizo sisi wasomaji wa zamu hatulisomi kwa sauti. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla hujamaliza mistari miwili. Zaburi ya 88 ni balaa. Ukiisoma unasubiri mwishoni ije ile "lakini mimi nitakusifu", haiji. Inaishia gizani. Na watu waliokusanya zaburi waliiona hivyo ilivyo, wakaiacha, ikaimbwa ibadani. Mimi kwenye kanisa langu sijawahi kuisikia ikisomwa hata siku moja, pengine kwa kuwa ni ngumu kuifuatanisha na matangazo ya harambee.

Kwa hiyo kama hasira ndiyo iliyokutoa, ilikuwa na nafasi yake humo ndani. Basi. Sikuvuti.

#7

Naandika nikiwa zamu ya usiku zahanati, msinilaumu kwa makosa ya uandishi.

Mzee, umeomba kuambiwa watu wanafanyaje asubuhi. Mimi nakuuliza: leo umekula nini? Na usingizi unaupata saa ngapi?

Muangalie Eliya, 1 Wafalme 19. Juzi tu moto umeshuka mlima Karmeli, watu wote wameona. Leo amelala chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Akili yangu ya kanisa inanituma kwamba Mungu angemuuliza "ule ushuhuda wako uko wapi?" Hakuuliza. Malaika alimgusa akamwambia inuka ule. Mkate uliookwa kwenye makaa, na maji. Akala, akalala tena. Hakukemewa kwa kulala. Akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale tena maana safari ni ndefu. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, mlima Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea.

Wanaume wa umri wako wanakuja kwetu wanasema "kichwa" au "kifua kinabana". Unapima presha, unakuta 180 kwa 110. Ukikaa naye taratibu, ukafunga mlango, unakuta kifua hakina shida. Shida ni nyingine, na ameizungusha kwenye pantoni yake wiki nzima. Uliyoyaandika kuhusu maji nimeyasoma mara mbili. Uko Mbagala, nenda hospitali ya rufaa Temeke, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, au ufike Muhimbili. Wiki hii. Ukienda huko hujamsaliti Mungu. Yule malaika hakuja na mahubiri, alikuja na chakula.

#8

Mimi ni mhasibu, nitajibu kihasibu.

105,000 mara wiki 26 ni 2,730,000. Umekopa milioni 2, riba ni 730,000 kwa miezi sita. Hiyo ni zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi, na hapo nimehesabu kama vile mtaji wote unakaa nao hadi mwisho, wakati unaurudisha kila wiki. Ukipiga hesabu sawasawa ni mbaya zaidi. Benki Kuu (BoT) imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Omba kuiona. Huyo wa kwenye simu, Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, itafute uone kama yumo. Na hakuna leseni inayomruhusu mtu kumtumia katibu wa kwaya meseji kuhusu deni lako. Hifadhi hizo meseji, usizifute kwa aibu.

Mimi ni muumini na natoa zaka. Lakini andika wadai wote kwenye karatasi moja, jumla chini. Nina uhakika hujawahi kuiona hiyo jumla.

#9

Wanangu, mimi ni mjane, nakaa Gongo la Mboto, napika mama ntilie. Simu hii ni ya binti yangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Baba, mume wangu alikufa akaacha deni sikulijua. Nimelijua siku ya tatu ya msiba, watu wamekaa kwenye mkeka wangu, wanakula ubwabwa wangu, wananisubiri nimalize kulia. Ndipo nikaielewa ile habari ya mjane wa Elisha, 2 Wafalme 4. Naye mumewe alikuwa mcha Mungu, mtu wa manabii kabisa, akafa na deni. Mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa.

Wahubiri wote wanakimbilia mafuta yaliyojaa vyombo. Mimi nakuuliza, vile vyombo vilitoka wapi? Nabii alimwambia akaazime kwa majirani wote, tena asiazime vichache. Baba, ebu fikiria. Mtaa wetu huu huu, mwanamke anagonga mlango mmoja mmoja anaomba madumu matupu. Kila mlango wanamuuliza, "Mama fulani, madumu yote haya ya nini?" Alijibu nini? Ile siri ya deni ilitembea mtaa mzima kabla tone moja la mafuta halijamiminika. Mlango aliufunga baadaye, wakati wa kumimina. Wewe umeufunga kabla ya kwenda kuazima.

Halafu nabii hakumwambia deni limefutwa. Alimwambia kauze, ulipe deni lako, kinachobaki mle wewe na wanao. Mimi nililipa miaka mitatu kwa sufuria ya maharage. Kuna siku nilimwambia Mungu maneno ambayo binti yangu anakataa kuyaandika hapa.

Mkeo anajua?

#10

Mimi ni Muislamu, nimepita tu. Ayubu ni wetu pia, na kwetu subira ikitajwa jina lake halikosekani. Mzee wangu wa Mbagala, kama kuna jirani yako wa msikitini hujamwambia kwa kuogopa atacheka dini yako, mwambie. Hatucheki. Sisi wenyewe Ijumaa tunaifahamu, na rejesho lake tunalifahamu.

#11

Nimesoma mpaka hapa nimechoka. Ila huyo kijana wa karanga apewe uaskofu.

#12

Mzee, kitu kidogo tu. Ulisoma 2 Wakorintho 1 ukaishia mstari wa 9. Shuka mpaka wa 11.

#13 (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi, zimepita siku kumi na mbili. Wengine mmenitafuta PM mkiogopa, Mungu awabariki, nipo.

Nianze na Mama wa #9. Shikamoo mama. Swali lako lilinikosesha usingizi kuliko Ijumaa zote. Usiku ule nilimkuta mke wangu uani na ungo, anachagua mchele wa kesho. Nikasema kuna jambo. Nikaanza na mkopo wa pili, nikafika wa tatu, nikaeleza na ya pantoni. Hakuinua kichwa. Akatoa mawe mawili, akayatupa, akasema, "Unadhani ile meseji ilimfikia shemeji yako peke yake?"

Alikuwa nayo tangu mwezi wa pili, na ameitunza. Akaiweka simu katikati yetu, tukaisoma pamoja, na ile "TAPELI" yao ya herufi kubwa. Sikumbuki nani alianza kucheka. Halafu akalia sana, na mimi nikakaa tu. Nyumbani kwangu nimezoea kuwa na la kusema.

Akauliza, "Jumla ngapi?" #8, ulikuwa sahihi, nilikuwa sijui. Tuliandika nyuma ya ratiba ya jumuiya. 4,860,000. Nilidhani nitaanguka nikiiona. Ajabu nililala, mara ya kwanza toka Krismasi, hadi jogoo wa jirani.

Jumamosi alfajiri ilikuwa zamu yetu, jumuiya ikaja kwangu. Viti vya plastiki, watu na khanga zao mabegani, giza halijatoka vizuri. Mwongozaji akasema kama kawaida, "Mzee atatufungulia kwa sala." Nikasimama. Sala za kufungulia ninazo hamsini kichwani. Hakuna iliyokuja. Nikasema, "Leo siwezi." Nikasema tena, "Ndugu zangu, mimi leo siwezi," na deni nikalitaja, na tarakimu.

Kimya kirefu sana, hadi nikamsikia muuza maziwa akipita. Halafu bibi mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilimpelekea lile neno la mzigo alipozika mwanawe, akasema, "Kaa baba. Leo tutaomba sisi." Wakaomba. Sikuitikia hata amina, nilikuwa nimeziba uso.

Bibi alipokuwa anatoka nilimwomba radhi kwa maneno yale ya msibani. Akanishangaa. "Maneno gani? Mimi nakumbuka ulileta sukari."

#12, nilishuka hadi mstari wa 11. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho na wao wamsaidie kwa kumwombea. Sina la kuongeza, wewe ulishaona.

Mambo mengine kwa kifupi. Temeke nimekwenda, #7, presha ilikuwa 160 kwa 100, nimepewa vidonge na tarehe mbili za kurudi kuongea na mtu. Mkopeshaji mmoja kati ya watatu alipoombwa leseni akasema iko kwa bosi, na tangu siku hiyo pikipiki haijaonekana. Wa kwanza amekubali tupunguze rejesho hadi 60,000. Wa simu bado anatuma meseji, mke wangu anazipiga picha. Jumuiya hawakunichangia hela, na sikutaka. Wawili wameniazima meza na mwavuli, nimeanza kupanga mbegu stendi ya Rangi Tatu jioni.

Ijumaa hii nina 47,000, inapungua 13,000. Naamka, nakunywa uji, namwambia Mungu kiasi kilichopungua kwa kukitaja, nakwenda kazini. Ndivyo ninavyofanya asubuhi, kwa mlionirudishia swali.

#5, siku ukipita Mbagala njoo tunywe kahawa, hatutaongelea kanisa.

Na mtumishi #3, kuhusu kupanda mbegu: bamia ninazo, mchicha, nyanya chungu, na biringanya zimeingia jana. Njoo PM, nakutumia kwa bodaboda.